Siku Nilipohudumiwa kwa Adabu

Nimekula katika migahawa mingi, kutoka Kayes mpaka Gao, maana mtu aliyezunguka nchi nzima akichezesha mpira hula popote filimbi inapomwachia. Nimekula wali mbichi, nimekula nyama iliyonishinda meno, nimekula samaki ambaye hata paka wa hapo alinionea huruma. Lakini hakuna mahali nilipohudumiwa vibaya kama kwa Nagnouma Keita, nyuma ya kituo cha mabasi hapa Segou, na ndiyo maana nilikuwa nakula kwake kila mchana.

Ngoja nieleze huduma yenyewe ilivyokuwa. Unafika, unakaa kwenye benchi lenye mguu mmoja mfupi. Nagnouma anakuona. Anakuona vizuri kabisa, kisha anageuka na kumhudumia aliyefika baada yako. Ukigonga meza anakuuliza umekuja kula au umekuja kupiga ngoma. Ukiomba maji anakuonyesha upande wa mto, eti kule yako mengi. Halafu, akishajisikia, anasimama katikati ya mgahawa, mkono mmoja kiunoni, na kupaza sauti mpaka jikoni:

"Kunde za mtwana wangu ziko wapi? Mleteeni upesi, kabla hajaanza kutafuna meza!"

Sikuwa nimeagiza kunde. Katika maisha yangu yote sijawahi kuagiza kunde. Mimi ni mtu wa wali kwa mchuzi wa karanga, na nyama ya kondoo ikiwepo. Lakini jina langu ni Zoumana Coulibaly, na yeye ni Keita, na akina Keita na akina Coulibaly ni watani tangu enzi za mababu wa mababu. Katika nchi hii hata mtoto anayetambaa anajua kwamba Coulibaly ni mla kunde, na kwamba upepo anaoutoa baada ya kula unaweza kusukuma mtumbwi mpaka Mopti. Hakuna Coulibaly aliyewahi kukiri. Kwa hiyo bakuli la kunde lilikuja, likatuliwa mbele yangu kwa kishindo, nami nikawa na kazi yangu: kukunja uso, kulisukuma pembeni bila kuonja hata punje moja, na kumwambia mjakazi wangu Nagnouma kwamba ukoo wake wa kifalme haukubakiza ufalme wowote isipokuwa sufuria moja na nzi wake.

Hapo ndipo wali ulipokuja. Umeshapoa, bila shaka.

Wateja wengine walihudumiwa vibaya kwa sababu ya uvivu tu. Mimi nilihudumiwa vibaya kwa makusudi, mbele ya watu, na nilijivunia jambo hilo.

Kuna mgeni mmoja alipita hapo, fundi wa pampu za maji kutoka Cotonou, nchi nyingine kabisa, shati limenyooshwa mpaka linakata. Alikaa meza ya jirani, akaona yote: nilivyorukwa, nilivyonyimwa maji, nilivyoitwa mtwana, kunde zilivyotua. Alivumilia, akavumilia, akashindwa. Akasimama.

"Dada, huyu ni mzee!" alisema. "Hata kama hana pesa, unamwita mtwana? Mwenye mgahawa yuko wapi?"

"Ndiye mimi," Nagnouma akamjibu. "Na huyu si mzee, huyu ni Coulibaly."

Mgeni akanigeukia mimi. "Baba, inuka twende. Nitakununulia chakula mahali pengine, wanakoheshimu watu."

Nilimwangalia mtu yule kwa hasira ya kweli. "Kijana, nani kakuomba? Unataka kuniharibia chakula changu? Kaa chini ule, na uache kuingilia mambo ya watu."

Alikaa, akala harakaharaka, akaondoka akitikisa kichwa. Nagnouma alicheka mpaka akashika nguzo, na kwa wiki nzima alinitangazia kwamba ameniuza Cotonou lakini mnunuzi amenirudisha kwa sababu ya harufu.

Sasa niseme kwa nini jambo hili lilikuwa na uzito kwangu, maana mtu anaweza kudhani ni mzaha wa wazee tu.

Mke wangu Sali alipofariki, nyumba ilijaa watu wa kunionea huruma. Walikaa kwenye mikeka, wakashika tama, wakaniambia nijikaze. Nilijikaza mpaka nikawa kama gogo, sikulia wala sikusema. Ndipo Nagnouma alipotokea. Wakati ule sikumjua vizuri, nilimwona tu kituoni akiuza chakula. Alikuja na akina Keita wenzake, akasimama mlangoni akauzuia kwa mikono miwili, jeneza lisitoke. Akapaza sauti: "Mama wa watu amefunga pua yake kwa miaka yote hii kwa ajili ya mla kunde huyu, leo amechoka, ameondoka! Hatumtoi mpaka Coulibaly aombe radhi!" Watu walicheka. Mimi nilicheka, na nilipoanza kucheka ndipo machozi yalipopata njia. Nililia mlangoni pale mbele ya umma wote, nikamwomba Sali radhi kwa sauti, nikawapa akina Keita chao cha kufungulia njia, ndipo wakapisha. Kabla hajaondoka Nagnouma aliniambia, kwa ukali, kama mtu anayedai, "Kesho uje kula kwangu. Kunde zipo."

Nilienda. Tangu siku hiyo sikuacha.

Mwaka huu, kabla ya mvua, tumbo langu lilianza kuvimba upande mmoja. Mwanangu Modibo, aliye na kazi nzuri na kiyoyozi huko Bamako, alikuja kunichukua kwa nguvu. Nililala hospitali, nikatobolewa hapa na pale, nikapigwa picha za ndani. Mwisho daktari kijana mwenye sauti ya upole alikaa kwenye kitanda changu na kuniambia kwamba ini limeharibika, na kwamba hakuna la kukata wala la kushona.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi nilikuwa refa. Sema tu, dakika za nyongeza ni ngapi?"

Aliangalia viatu vyake. "Mzee, mvua zijazo ni mbali kidogo."

Sitasema uongo, niliogopa. Usiku ule niliogopa sana. Lakini asubuhi nikajua ninachotaka, na hakikuwa kikubwa. Nilitaka kurudi Segou, nikae kwenye benchi lenye mguu mfupi, nirukwe, niitwe mtwana, niletewe kunde, mpaka siku nitakaposhindwa kutembea. Nilimwapisha Modibo asimwambie mtu yeyote. Akaapa. Akaweka mkono kifuani kabisa.

Katika basi la kurudi nilikuwa na furaha kama bwana harusi. Hospitalini sikuwa na kazi, kwa hiyo nilikuwa nimemtengenezea Nagnouma tusi jipya. Nilikuwa nimelisugua mpaka linang'aa. Nilishuka kituoni, hata mzigo sikuupeleka nyumbani, nikaenda moja kwa moja.

Nagnouma aliniona. Aliacha mwiko, akafuta mikono, akanijia.

"Karibu, baba," alisema. "Pole na safari."

Baba! Nikageuka nyuma nione kama kuna mzee mwingine aliyeingia. Hapakuwa na mtu. Alinishika mkono, akanipitisha mbele ya wenye njaa wote, akanikalisha kwenye kiti. Si benchi, kiti, chenye mto. Sidiki Diarra, mkata tiketi wa mabasi ambaye kwa kawaida huongea kama ana kipaza sauti tumboni, alininong'oneza salamu akainamia sahani yake.

Maji ya kunawa yalikuja kabla sijakunja mikono ya kanzu. Yalikuwa ya uvuguvugu, na kitambaa safi juu yake. Wali ukaja unatoa moshi. Nyama ya kondoo ilikuwa nyingi, laini, imetolewa mfupa. Maji ya kunywa yaliletwa katika glasi, na glasi ilikuwa imeoshwa.

Kunde hazikuja.

Nilingoja. Pengine anavuta pumzi, nilijiambia, pengine anajiandaa. Nikaona nimsaidie, nikaanza mimi. "Mjakazi wangu," nikasema kwa sauti, "naona nilipokuwa safarini ufalme wenu umepata glasi. Mmeiteka katika vita gani?"

Mgahawa mzima ulinyamaza. Nagnouma aliinamisha macho.

"Ndiyo, baba," alisema. "Kula, wali usipoe."

Nawaambia, katika uwanja wa Kayes niliwahi kurushiwa kiatu, na Sikasso waliniimbia jina la mama yangu kipindi kizima cha pili. Hakuna kilichowahi kunipiga kama ile "ndiyo, baba". Nilitia tonge mdomoni likakataa kushuka. Tusi langu jipya lilibaki mfukoni, maana huwezi kumrushia mpira mtu aliyekunja mikono. Nikaaga, nikaenda zangu nyumbani na njaa.

Siku ya pili nilijaribu kuchokoza. Nilimwambia wali wake una mawe, na wali haukuwa na mawe. Akasema, "Samahani, baba, nitakubadilishia." Nikamwambia mchuzi hauna chumvi, akaniletea chumvi kwenye kisahani, mikono yote miwili, amepiga goti. Nikamwambia kiti kinauma. Akaleta mto wa pili. Nilikuwa nimekaa juu ya mito kama chifu anayesubiri kuzikwa, na jasho linanitoka kwa aibu. Wateja walinipisha njia nilipotoka. Mmoja alinishika kiwiko kwenye kizingiti nilichokiruka kila siku kwa miaka mingi.

Nililala na hasira. Huduma mbaya nimeizoea, lakini hii ilikuwa mbaya kwa namna nyingine kabisa. Walikuwa wananihudumia kama mtu asiyekuwepo. Nilijisemea kwamba kama siku nilizobakiwa nazo ndizo hizi, za mito na kunong'onezwa, basi heri ningebaki kitandani Bamako.

Siku ya tatu niliamua kufanya jambo ambalo hakuna Coulibaly mwenye akili timamu angelifanya. Nilikikataa kiti, nikakaa kwenye benchi langu. Nikasubiri mgahawa ujae, madereva, wachuuzi, abiria wa Koutiala, wote. Kisha nikagonga meza kwa kiganja.

"Nagnouma Keita!" nikaita. "Niletee kunde."

Vijiko vilisimama. Dereva mmoja alipaliwa na tangawizi yake. Coulibaly anaagiza kunde kwa mdomo wake mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mashahidi! Keita yeyote aliyepewa zawadi ya namna hiyo angeruka juu, angepiga vigelegele, angetangaza kituo kizima, na watoto wake wangeirithi habari hiyo. Niliangalia uso wa Nagnouma nikaona kitu kinataka kuwaka. Kiliwaka kidogo, kwenye pembe ya mdomo. Kisha akakizima.

Akanijia karibu, akasema polepole, "Kunde zitakusumbua, baba. Kwa hilo ini lako, heri ule uji."



"Ini gani?" nikauliza.

Alitazama pembeni.

"Sikumwambia mtu yeyote Segou habari za ini. Nani kakwambia?"

Alianza kukunja kitambaa cha meza. "Modibo alinipigia simu. Siku moja kabla hujarudi." Akakikunja tena. "Alisema nisikuudhi. Alisema tukutunze sote, tusikupigie kelele. Alisema... baba, usinilazimishe kusema alichosema."

"Kuhusu mvua zijazo."

Aliitikia kwa kichwa, na machozi yakamdondoka kwenye kitambaa. Nilitazama huku na huku. Wote walikuwa wanajua. Sidiki alikuwa anajua, madereva walikuwa wanajua, hata yule anayeosha sahani alikuwa anajua. Nilikuwa nimekaa siku mbili katikati ya msiba wangu mwenyewe na sikualikwa.

Hasira ilinipanda. "Kwa hiyo umeacha kunitukana."

"Nitakuitaje mtwana na huku najua?"

"Na mlangoni kwangu, siku ya Sali? Hukujua? Jeneza lilikuwa hapo mbele yako!"

"Sali alikuwa ameshakufa, baba. Ule ndio utani wa msiba, ndio haki yake. Wewe bado uko..."

"Niko nini? Malizia. Bado niko hai?"

Alijifuta macho kwa kile kitambaa.

"Sikiliza, Nagnouma," nikasema, na sikujali nani anasikia. "Siku nikifa utakuja au huji?"

"Nitakuja. Unauliza nini?"

"Utazuia mlango?"

"Nitazuia."

"Na utasema maneno. Utasema vizuri, nakujua, watu watacheka mpaka wakae chini. Modibo atacheka na shati lake jeupe. Kila mtu atasikia isipokuwa mimi, mwenye matusi. Na jibu langu je? Nani atakujibu? Utanifunga bao wakati mimi nimeshatoka uwanjani! Hiyo ni haki gani?"

"Baba..."

"Na usiniite baba! Mimi sikukuzaa, mimi ni mtani wako. Nina huzuni, naogopa, na nimechoka na mito yako. Nilirudi Segou kwa ajili ya kitu kimoja tu, na wewe umekificha jikoni."

Nilisema hivyo, kisha nikafanya lililonijia. Nilisukuma sahani, nikajilaza chali kwenye benchi, miguu pamoja, mikono ubavuni, nikavuta pindo la kanzu yangu nikajifunika uso.

"Haya," nikasema kutoka chini ya kitambaa. "Nimekufa. Fanya kazi yako."

Nilisikia Sidiki akisimama. "Mzee, usifanye hivyo, ni mkosi!"

"Kaa chini, Sidiki. Wewe ni Diarra, hayakuhusu."

Akakaa. Ndani ya kanzu kulikuwa na joto na harufu ya sabuni. Niliusikia mchuzi unachemka jikoni, na basi la Koutiala likipiga honi, na hakuna abiria aliyenyanyuka. Nilifikiri, kama hatasema kitu sasa, nitainuka, nitakwenda nyumbani, na sitarudi hapa tena. Sikuwa nafanya mzaha. Ilikuwa imefika hapo.

Nikasikia hatua zake. Zikasimama karibu na kichwa changu. Alivuta makamasi.

"Nani," alisema, na sauti ikakatika. Akaanza upya. "Nani amelala kwenye benchi langu? Watu wanataka kukaa wale."

Nikasikia akiinama juu yangu.

"Aa. Ni Coulibaly. Mnasema amekufa?" Sauti ilianza kupata miguu. "Nani kawadanganya? Coulibaly hafi. Ameshiba tu."

Mtu mmoja alicheka puani, haraka, kama aliyejisahau.

"Lakini kama amekufa kweli, nawaomba jambo moja, watu wa Segou. Msimzike karibu na wengine. Wale wamelala pale siku nyingi, wamezoea hewa safi!"

Hapo kicheko kilitoka, cha madereva, kikubwa. Nilikaza tumbo nisitikisike.

"Miaka yote huyu amezunguka na filimbi mdomoni. Mlidhani ni refa? Refa wapi! Ule upepo wa kunde ulikuwa umemjaa, ukatafuta pa kutokea. Na malaika wakija kumhoji kaburini, kabla hawajafungua mdomo atawauliza wamekuja na bakuli au wamekuja mikono mitupu!" Sasa alikuwa analia na kupiga kelele kwa pamoja, nilijua kwa jinsi maneno yalivyokuwa yanaruka. "Mtwana wangu mvivu! Mtwana asiye na faida! Nimekulisha miaka yote hii, nimekuvumilia, nikakuuza Cotonou ukarudishwa, leo unataka kuondoka bila ruhusa yangu? Nani kakupa ruhusa? Nani kakupa?"

Hakuna aliyecheka hapo. Mimi mwenyewe kitambaa kilikuwa kimelowa machoni. Lakini niliona hauwezi kuishia pale, wenzangu, mchezo hauwezi kuishia pale. Nikaitoa silaha yangu ya Bamako.

"Hospitalini," nikasema kutoka chini ya kanzu, "nililazwa na Keita mmoja. Akajitapa kwa madaktari usiku na mchana, mimi ni damu ya wafalme, mimi ni damu ya wafalme. Wakachoka, wakaichukua ile damu, wakaenda kuipima."

Nikaacha hapo. Nilijua wote wameinamia mbele.

"Wakakuta nini?" Sidiki akashindwa kuvumilia.

"Maji ya kunde."

Sahani ziliruka mezani kwa vicheko. Nilisikia benchi la jirani likianguka na watu wake. Nagnouma alinipiga na kitambaa cha meza kifuani.

"Nyamaza! Maiti hajibu!"

"Maiti mwingine. Maiti wa Coulibaly ana ulimi."

"Ondoka kwenye benchi langu, mla kunde wewe! Unanifukuzia wateja!"

"Nihudumie kwanza. Tangu juzi nina njaa."

"Subiri zamu yako! Unafikiri uko kwa mama yako?"

Niliinuka nikakaa. Macho yake yalikuwa mekundu, na yangu bila shaka hivyohivyo, na hatukutazamana muda mrefu. Alikwenda akamhudumia Sidiki. Akawahudumia madereva. Akawahudumia abiria wawili wa Koutiala walioingia kuuliza basi lao limekwama wapi. Niligonga meza, akaniuliza kama nimekuja kupiga ngoma. Niliomba maji, akanionyesha mto. Miguu yangu ilikuwa inauma na ubavu ulikuwa unawaka upande ule mbaya, lakini nilikaa nimenyooka nikifurahia kila dakika ya kuchelewa kwangu.

Mwishowe akasimama katikati, mkono kiunoni.

"Kunde za mtwana wangu ziko wapi?"

Zilikuja. Alizileta mwenyewe, akazitua kwa kishindo mpaka mchuzi ukaruka kwenye kanzu. Nikakunja uso kama ada, nikaweka mkono kulisukuma bakuli. Lakini Nagnouma hakuondoka. Aliinama kama anayefuta meza, na safari hii aliongea kwa sauti ya chini ambayo niliisikia mimi peke yangu.

"Umenimaliza, Zoumana. Nimeyasema yote leo. Siku yenyewe, mlangoni pale, nitasema nini?"

Aliuliza kwa dhati. Niliona hofu usoni mwake, ya mtu atakayesimama mbele ya watu na mdomo mtupu, na rafiki yake amelala hawezi kumsaidia. Sikuwa nimefikiria upande wake. Nilikuwa nimefikiria wangu tu.

Niliangalia bakuli. Kunde zilikuwa zimeiva vizuri, na kitunguu juu na mafuta mekundu kidogo. Baba yangu hakuwahi kuzila hadharani, wala babu yangu. Nikalivuta bakuli karibu, nikaomba kijiko.

Mgahawa ulinyamaza tena, ila si kama siku zile mbili. Sidiki alipanda juu ya benchi ili aone. Nilitia kijiko cha kwanza mdomoni, nikatafuna, nikameza. Zilikuwa tamu, Mungu anisamehe, zilikuwa tamu sana. Nagnouma alisimama pale pale, kitambaa mkononi, hakupiga vigelegele wala hakusema neno. Alinitazama kijiko baada ya kijiko, kama mtu anayehifadhi kitu cha kusema. Nilikula taratibu ili aone vizuri, mpaka nikafuta bakuli kwa kidole.